Mazoezi ya Pumzi: Tumewapa Wasioyahitaji, Tumewanyima Wanaoyahitaji

Kwa miezi kadhaa sasa magrupu ya WhatsApp ya hapa Mwanza yamekuwa yakizungusha tangazo la aina moja. Kuna picha ya kifaa cha plastiki chenye vyumba vitatu, kila chumba na mpira wake mdogo, na bomba la kuvutia hewa. Chini yake kuna ahadi: kinatibu pumu, kinashusha presha, kinasafisha mapafu ya mvuta sigara, kinamwondoa mzee kwenye vidonge. Wengine wanauza kifaa tofauti kabisa, kidogo, kinachofanana na filimbi nene yenye springi ndani, nao wanakiita kwa jina lilelile na kukipa sifa zilezile. Wapo pia wanaokebehi yote hayo na kusema ni mchezo wa watoto uliopandishwa bei. Mimi naona pande zote mbili zimekosea, na kosa lao linaumiza watu. Mazoezi ya misuli ya kupumua ni tiba ya kweli, iliyopimwa na kupimwa tena. Lakini ni tiba ya misuli, si ya mapafu, na wanaoweza kufaidika nayo zaidi katika Kanda hii ya Ziwa hawamo kwenye magrupu hayo. Wamelazwa wodini, au wako nyumbani wanasubiri tarehe ya upasuaji.

Tuanze na mwili wenyewe, maana hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa. Mapafu hayajivuti yenyewe. Yanavutwa, na anayeyavuta ni kiwambo, msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, uliopinda kama kawa lililofunika sinia. Kiwambo kikikaza, kawa hilo hushuka, kifua hupanuka, hewa ikaingia. Misuli ya katikati ya mbavu husaidia, na mtu akizidiwa utaona hata ile ya shingoni ikikaza. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, maana yake ni zaidi ya mara 17,000 kwa siku. Ungedhani msuli unaofanya kazi kiasi hicho hauhitaji mazoezi. Lakini wingi wa marudio peke yake haujengi nguvu. Kuli wa soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba hakupata mabega yale kwa kuinua mikono mitupu; aliyapata kwa magunia ya dagaa. Mwaka 1976 watafiti wawili wa Marekani walionyesha kwamba misuli ya kupumua hutii kanuni hiyohiyo: ukiipa mzigo, hukua, ukiinyima, hubaki ilivyo. Na ukiilaza kabisa huyeyuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba watu waliopumuliwa na mashine kwa saa 18 hadi 69 tu, kiwambo kikiwa hakifanyi kazi yoyote, nyuzi za msuli huo zilikuwa zimepungua unene kwa zaidi ya nusu.

Sasa rudi kwenye vile vifaa viwili. Kile cha springi kina vali isiyofunguka mpaka mtu avute hewa kwa nguvu iliyopangwa. Huo ndio mzigo, na unaweza kuongezwa wiki hadi wiki kadiri msuli unavyopata nguvu. Kile cha mipira mitatu hakina mzigo wa maana. Mipira hupanda kwa kasi ya hewa inayopita. Kazi yake ni kumwonyesha mgonjwa kwamba amevuta pumzi ndefu, ili sehemu za chini za mapafu zilizosinyaa zifunguke. Ni kioo, si gunia. Anayekununulia kioo akitarajia ubebe mizigo atakuona mvivu bure. Na hata cha springi hakina maana bila kipimo. Nguvu ya kuvuta pumzi hupimwa kwa mtu kuvuta hewa kwa nguvu zake zote kwenye kifaa kilichozibwa, na jibu husomwa kwa sentimita za maji. Mzigo wa mazoezi kwa kawaida huanzia karibu asilimia 30 ya nguvu hiyo. Bila namba hiyo hakuna dozi. Unakuwa kama mtu aliyepewa vidonge bila kuambiwa vingapi kutwa.

Shangazi yangu anaishi Mabatini, juu kwenye miamba, ambako barabara huishia chini na kilichobaki ni ngazi za mawe. Kwa miaka mingi amebanika samaki kwa kuni. Alipoanza kusimama mara tatu njiani kabla ya kufika mlangoni kwake, jirani alimuuzia kifaa cha mipira mitatu. Siku ya kwanza tu alipandisha mipira yote, wajukuu wakapiga makofi. Wiki ya tano alikuwa bado anasimama mara tatu, na sasa miguu imevimba. "Mwanangu," akaniambia, "mipira inapanda, mbona mimi sipandi?" Tulipompeleka hospitali ilionekana shida haikuwa mapafu. Ni moyo, uliochoshwa na presha ambayo hakuwahi kuitibu sawasawa. Alianzishiwa dawa za moyo, maji yakapungua mwilini, na sasa anasimama mara moja. Wiki zile tano zilikuwa wiki tano za moyo kuzidi kuchoka.

Kisa hicho kimoja hakithibitishi chochote, ila kina jambo lililonifanya nisome zaidi. Ugonjwa wa shangazi ni mmojawapo wa yale ambayo mazoezi halisi ya misuli ya kupumua yamesaidia. Moyo ukishindwa kusukuma damu ya kutosha, kiwambo nacho hukosa damu na kudhoofika. Kikichoka, mwili hukipendelea: hubana mishipa ya damu ya miguuni ili kiwambo kipate chake, kwa sababu bila pumzi hakuna kingine. Hiyo ni sababu mojawapo inayomfanya mgonjwa wa moyo alalamike miguu kuwa mizito. Huko Brazil, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, wagonjwa 32 wa moyo waligawanywa makundi mawili. Wa kundi moja walifanya mazoezi ya kifaa chenye mzigo kwa dakika 30 kila siku, wiki 12, kwa asilimia 30 ya nguvu zao. Misuli yao iliimarika na walitembea mbali zaidi ndani ya dakika 6 kuliko wenzao waliovuta kwenye kifaa kisicho na mzigo. Jambo la kushika hapo ni kwamba waliochaguliwa ni wale ambao kipimo kilionyesha misuli yao ni dhaifu, na wote waliendelea kutibiwa moyo wao. Shangazi alihitaji daktari kwanza, dawa za pili, kipimo cha tatu, na kifaa cha nne. Aliuziwa cha nne kwanza, tena si chenyewe.

Ushahidi ulio na uzito zaidi, kwa maoni yangu, uko kwenye upasuaji. Mwaka 2006 watafiti wa Utrecht, Uholanzi, walichapisha matokeo ya wagonjwa 279 waliokuwa wakisubiri kupasuliwa kifua ili kuunganishiwa upya mishipa ya damu ya moyo, wote wakiwa na hatari kubwa ya matatizo ya mapafu. Nusu yao walipewa kifaa chenye mzigo na kufanya mazoezi ya dakika 20 kila siku kwa angalau wiki mbili kabla ya kisu. Matatizo ya mapafu baada ya upasuaji yaliwapata asilimia 18 ya waliofanya mazoezi, na asilimia 35 ya wasiofanya. Nimonia ilipungua kutoka asilimia 16 hadi 6 na nusu. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaojumlisha majaribio ya tiba, ya mwaka 2015, yaliyokusanya majaribio 12 yenye wagonjwa 695 wa upasuaji wa moyo na wa tumbo, yaliona mwelekeo huohuo: nimonia na kusinyaa kwa mapafu vilipungua kwa karibu nusu, ingawa wapitiaji walionya kwamba majaribio mengi yalikuwa madogo. Mantiki yake ni rahisi. Baada ya kupasuliwa, maumivu humfanya mgonjwa apumue juu juu na aogope kukohoa. Makohozi hutuama, nimonia hufuata. Aliyeingia chumba cha upasuaji na kiwambo chenye akiba ya nguvu ana cha kutumia siku hizo tatu au nne mbaya.

Fikiria hilo kwa jiografia yetu. Mtu wa Ukerewe au Sengerema anafika hospitali ya Bugando hapa Mwanza, anaonwa, anaambiwa arudi tarehe fulani. Anayehitaji kupasuliwa moyo mara nyingi anaelekezwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na kabla ya safari kuna kusubiri, kuchangishana, kupanga. Huo muda tunaulalamikia, na ni haki kuulalamikia. Lakini kwa sasa upo, na tunauacha upite mtupu. Wiki mbili zilizowatosha watu wa Utrecht, wagonjwa wetu wengi wanazo na zaidi. Kifaa cha springi hakitumii umeme wala betri. Kinafanya kazi kisiwani sawa na mjini. Kinachokosekana ni mtu wa kukipima, kukifundisha, na kuandika kwenye daftari la kliniki: pumzi kadhaa, mzigo kiasi fulani, asubuhi na jioni.

Wanaopinga wana hoja nzito, na ningekuwa mwongo nikizificha. Iliyo nzito kuliko zote inahusu ugonjwa sugu wa mapafu unaowapata wavuta sigara na, huku kwetu, akina mama waliopika kwa kuni na mkaa maisha yao yote. Kwa mantiki ya haraka hawa ndio wangefaidika kuliko wote. Lakini ugonjwa huo hukwamisha hewa ndani ya mapafu, mapafu yakavimba, na kile kiwambo kilichokuwa kawa kikasukumwa chini mpaka kikawa bapa kama ungo. Msuli uliobanwa hivyo hauna pa kushukia, hata ukiwa na nguvu. Mwaka 2018 yalichapishwa majaribio ya wagonjwa 219 wa aina hiyo, wenye misuli dhaifu, waliokuwa tayari kwenye programu ya mazoezi ya mwili mzima. Walioongezewa kifaa chenye mzigo walipata misuli yenye nguvu zaidi, ila umbali waliotembea kwa dakika 6 haukuwazidi wenzao. Mapitio ya Cochrane ya 2023 yalifika palepale: kifaa peke yake, kwa asiye na programu yoyote, kinaweza kupunguza kuhema, lakini kikiongezwa juu ya programu nzuri ya kutembea na kunyanyua vitu vyepesi, hakiongezi cha maana. Vivyo hivyo kwa saratani ya umio, ugonjwa tunaoujua vizuri upande huu wa Afrika: utafiti mwingine wa 2018, wenye wagonjwa 241, haukuona nimonia ikipungua baada ya upasuaji kwa waliofanya mazoezi ya pumzi.

Hoja hizo nazikubali, na zinanielekeza mahali. Kwa mama wa kuni, tiba ya kwanza ni kuuondoa moshi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, umeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kupikia nishati safi ifikapo 2034, na jiko moja la gesi lililofika Igogo leo litayatetea mapafu kuliko springi kumi. Tiba ya pili ni mazoezi ya kutembea yaliyopangwa. Jirani zetu wa Kampala walikwisha kuonyesha, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2017, kwamba waliopona kifua kikuu wakabaki na mapafu yaliyoharibika walitembea vizuri zaidi baada ya wiki 6 za mazoezi ya mwili hospitalini. Hayo hayakuhitaji mashine za gharama. Yalihitaji uwanja, mtaalamu wa fiziotherapia na ratiba.

Kuhusu presha, ambayo ndiyo inayouza vifaa vingi mtandaoni, ukweli upo ila umekatwa mkia. Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, kilichapisha mwaka 2021 matokeo ya watu 36 wa miaka 50 hadi 79 ambao presha yao ya juu ilikuwa imevuka 120. Waliovuta pumzi 30 zenye mzigo mkubwa, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 6, walishuka kwa takribani pointi 9. Ni nyingi, na natamani utafiti mkubwa zaidi ufanyike hapahapa kwetu. Lakini ni watu 36, tena kwa mzigo wa springi uliopangwa na kupimwa, na hakuna aliyeonyesha kwamba njia hiyo inazuia kiharusi kwa mtu aliyeacha dawa zake. Tangazo linalomwambia mzee mwenye presha ya 180 aache vidonge kwa sababu ya utafiti huo linamwitia kiharusi kwa jina.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ninayoisikia kila mahali, hata kwa watu ninaowaheshimu: "Kisipomsaidia, hakitamdhuru. Si kupumua tu?" Hapana. Kwanza, kuhema si ugonjwa, ni mlango, na nyuma yake kuna vyumba vingi. Mtu wa pwani ya ziwa anaweza kuhema kwa upungufu wa damu unaotokana na malaria au minyoo, kwa kichocho kilichopandisha presha ya mishipa ya mapafu, kwa moyo, kwa vumbi la mgodini Geita, au kwa kifua kikuu. Kila wiki anayoitumia kupandisha mipira ni wiki ambayo mlango haujafunguliwa. Mwenye kikohozi cha wiki mbili anatakiwa kupima kifua kikuu, na kipimo hicho na dawa zake hutolewa bure. Pili, mzigo wa pumzi una madhara yake kwa baadhi ya watu: aliyewahi kuvujiwa na hewa kifuani siku za karibuni, aliyepasuka ngoma ya sikio, mwenye pumu iliyochachamaa, aliyetoka kupata shambulio la moyo. Tatu, na hili ndilo linaloninyima usingizi, tunaazimana. Kifaa kimoja kinatembea nyumba tatu kama kinu cha kutwangia. Mdomo ule wa plastiki unaingia kwenye vinywa vya watu wanaokohoa, ndani ya nyumba zenye watoto. Kifaa cha pumzi ni cha mtu mmoja, kama mswaki.

Wapo pia wanaosema watu wa Mwanza tunapanda milima kila siku, mazoezi gani tena. Kwa mzima, sawa. Mgonjwa ndiye aliyeacha kupanda, na kiwambo chake kinadhoofu pamoja na miguu yake.

Nimekiita kile cha mipira mitatu kioo, na nimewaonya watu wasikinunue. Sasa nitakitetea, kwa sababu kuna mtu kinamhusu kweli, na yuko wodi za watoto za Kanda ya Ziwa. Tanzania inakadiriwa kupata watoto takribani 11,000 wenye selimundu (sikoseli) kila mwaka, na eneo letu ni miongoni mwa yenye mzigo mkubwa zaidi. Mtoto wa sikoseli akishikwa na maumivu ya mbavu au kifua, hufanya kama aliyepasuliwa: anapumua juu juu, anaogopa kuvuta pumzi. Sehemu za mapafu husinyaa, oksijeni hushuka, seli za damu zilizopinda hunasa kwenye mishipa ya mapafu, na kinachofuata kinaweza kuua. Mwaka 1995 yalichapishwa Marekani majaribio madogo ya wagonjwa wa miaka 8 hadi 21 waliolazwa kwa maumivu ya aina hiyo. Katika vipindi 19 ambavyo mgonjwa alipewa kifaa cha kuhimiza pumzi ndefu, tatizo jipya la mapafu lilitokea mara 1. Katika vipindi 19 ambavyo hakupewa, lilitokea mara 8. Dozi yake ilikuwa pumzi ndefu 10 kila baada ya saa 2, mtoto akiwa macho, mpaka maumivu ya kifua yaishe.

Ninapoona kifaa hichohicho kikiuzwa kwa kijana mzima wa Capri Point anayetaka kukimbia vizuri zaidi, ndipo ninapoelewa ukubwa wa kosa letu. Soko limekipeleka kwa mwenye pesa, na hospitali haijakidai kwa ajili ya mwenye haja. Nisingependa serikali ikipige marufuku, wala sitaki kila kituo cha afya kinunue makatoni ya springi. Ningependa mambo machache yafanyike kwenye hospitali kubwa za kanda kwanza: kipimo cha nguvu ya pumzi kiwepo kliniki ya moyo na kliniki ya upasuaji, mwenye misuli dhaifu aliye kwenye orodha ya kusubiri aondoke na kifaa chake mwenyewe na dozi iliyoandikwa, bima zihesabu kazi ya mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya upasuaji, si baada tu. Na kwa aliyevunjika shingo kwa kuanguka na bodaboda, ambaye neva ya kiwambo hutoka pingili ya 3 hadi ya 5 ya shingo yake, mazoezi haya yaanze mapema, kwa sababu kikohozi chenye nguvu ndicho kinga yake ya kwanza dhidi ya nimonia.

Wataniuliza nani atasimamia pumzi 10 kila saa 2 kwenye wodi yenye muuguzi mmoja usiku. Swali ni la haki. Jibu lake limekaa kwenye mkeka chini ya kitanda: ni mama, au bibi, au dada aliyekuja kuuguza, ambaye halali, anayejua mtoto amekunywa uji vijiko vingapi na amelia saa ngapi. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba pumzi nazo zinahesabika. Afundishwe jioni, kabla muuguzi wa mchana hajatoka: mkalishe, mwambie avute taratibu mpaka mpira upande, ashikilie kidogo, aachie. Mara kumi. Akisinzia mwache alale. Akiamka, aanze tena.